Kabla voisi noti ya yule jamaa haijawafikia, sikilizeni ya kwangu

Haya. Najua nusu yenu mmeshaisikia. Ile voisi noti imetembea tangu juzi jioni, na leo asubuhi shangazi yangu, ambaye hata hajui lile grupu ilikotumwa lipo, kaniandikia "pole mwanangu, ila umetuchekesha sana". Nimekaa nikaona kama ni kuaibika basi niaibike kwa maneno yangu mwenyewe, sio kwa mdomo wa mshkaji ambaye siku hiyo alikuwa nyuma kabisa ya msafara na hakuona kitu. HAKUONA. Alisikia tu kwenye redio. Alichosikia ni kweli, siwezi kukataa, watu wengi walisikia, ila hayo aliyoongezea kwamba nilikuwa naimba ni uzushi. Sikuimba. Niliongea. Tutafika huko.

Kwa wasiojua hii kazi ya kusindikiza msafara wa baiskeli: sio mashindano. Ni watu wanaendesha baiskeli kuchangisha hela za matibabu ya figo, kilomita 80, kila mtu na pumzi zake, barabara haijafungwa, magari yanapita kama kawaida, na ndio maana wanaomba wenye pikipiki wajitolee kuwa mashali. Pikipiki nyingine zinakaa kwenye makutano kuonyesha watu pa kukata, kundi likishapita unawasha, unawapita kwa nafasi bila kuwapigia honi masikioni, unawahi makutano mengine huko mbele, wenzako nao wanakuruka wewe, mnaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Moja inakaa mkiani na mtu wa mwisho, hata kama huyo mtu wa mwisho anasukuma baiskeli kwa miguu huku anaongea na simu. Hiyo ndio alipewa jamaa yangu na mimi naamini chuki yote inaanzia hapo. Halafu kuna moja inakaa mbele kabisa ya watu wote.

Ya mbele ni mimi.

Nisiwafiche, ile reflekta ilinipanda kichwani. Njano ya kung'aa, mgongoni imeandikwa MASHALI kwa herufi za mtu kusoma akiwa mbali sana, mimi niliivaa tangu nyumbani, nikajipiga picha kwenye kioo cha lifti, jirani akaniuliza kuna nini nikamjibu "kazi tu" kwa sauti nzito. Na mashali wala si trafiki, wadau, huna mamlaka yoyote ya kusimamisha gari la mtu, ukimnyooshea mkono dereva akikupita ndio amekupita. Lakini waendesha baiskeli! Wale wanakutii kuliko wanavyowatii wazazi wao. Ukinyoosha mkono kushoto wanaenda kushoto, ukiinua kiganja wanasimama. Mimi mtu ambaye nyumbani hata paka hanisikilizi, nikapewa watu.

Sasa asubuhi kabla ya kuondoka kukawa na maelekezo. Dada mratibu akatukusanya wenye pikipiki akaanza kutuhadithia mambo ya Tour de France ya mwaka 2016, yale mashindano ya baiskeli ya Ufaransa, kule mlima Ventoux, kwamba pikipiki ya kamera ilisimama ghafla kwa sababu mashabiki wameziba barabara, akina Porte na Mollema na Froome wakaivaa kwa nyuma, Froome yule aliyezaliwa Nairobi, amevaa jezi ya njano ya anayeongoza, baiskeli ikaharibika, akaanza kupanda mlima kwa miguu anakimbia na viatu vya baiskeli mbele ya dunia nzima. "Pikipiki moja tu," akasema dada. Mimi nilikuwa nyuma narekebisha mkanda wa helmeti nikamnong'oneza jamaa yangu "sasa hapa nani Froome?" tukacheka. Kisha dada akasema maneno ambayo namkumbuka nayo mpaka sasa hivi nikiandika: "Mtu akichoka hasomi mishale. Anaangalia gurudumu lililo mbele yake, na gurudumu la kwanza linaangalia reflekta. Wewe wa mbele usikate kona ambayo hutaki wao wakate. Ukipata dharura simama pembeni ya barabara hiyo hiyo, sema kwenye redio, mwenzako achukue nafasi."

Nikaitikia kwa kichwa. Helmeti ikacheza vizuri.

Baada yake akapanda sista mmoja wa idara ya figo, na hapa ndipo mimi nasema lawama tugawane. Maana yule sista anajua kuongea. Akasema figo za mtu mmoja zinachuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, karibu zote zinarudi mwilini, kinachotoka kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili hivi. Akasema kunyweni maji. Akasema, na alinitazama mimi ingawa wapo wanaobisha, USIBANE MKOJO. Tukagawiwa chupa za maji. Nikanywa yangu. Jamaa yangu akasema hana kiu, nikanywa na yake, kumuonyesha kwamba mimi nimemuelewa sista. Baridi ilikuwa kali kwa hiyo nilikuwa nimevaa ovaroli ya mvua, ile ya kipande kimoja, zipu inaanzia kooni. Juu ya ovaroli mkanda wa redio unapita kifuani na kile kispika kidogo chenye kitufe cha kuongelea. Juu ya redio ndio reflekta, imefungwa kamba pembeni kulia na kushoto. Hebu kaeni na hiyo picha, mpango mzima wa mavazi, kwa sababu mtauhitaji.

Mwanzo ulikuwa mtamu jamani. Niko mbele, taa zinawaka, nyuma yangu kwenye kioo naona kundi la kwanza kama watu 60 wamebanana, hao ndio wale wenye nguvu, wanafuatana gurudumu kwa gurudumu kwa sababu ukijificha nyuma ya mwenzako upepo haukupigi, kazi inapungua hata theluthi. Ila ndio hivyo tena, aliyejificha nyuma ya mwenzake haoni barabara, anaona makalio. Ya kwanza inaona reflekta, sitini zinaona makalio. Dada mratibu alisema kwa adabu zaidi, lakini maana ni ileile.

Kilichoniponza ni kilima. Watu wa magari hamuelewi, kuendesha pikipiki polepole ni mateso kuliko kukimbiza. Kilimani wale wanapanda kwa kilomita tisa, kumi kwa saa, na wewe lazima uwe kilomita tisa, kumi kwa saa. Gia ya kwanza ni kubwa mno, kwa hiyo unaishi kwenye klachi nusu, vidole vinakufa ganzi, injini yangu inapozwa kwa upepo na upepo wenyewe haupo, joto lote linapanda mapajani. Na pikipiki yangu ni silinda moja. Silinda moja kwa mwendo ule haiungurumi, inapiga. Du. Du. Du. Du. Kila pigo linapita kwenye siti, linakuja moja kwa moja mpaka pale ambapo maji ya sista yalikuwa yamejikusanya yanasubiri maelekezo.

Nikajikaza. Nikaimba... hapana, SIKUIMBA, nimesema nitafika huko. Nikahesabu nguzo za umeme. Nikasimama kwenye vikanyagio. Nikamwaza sista na zile lita 180, nikaona leo figo zangu zimegoma kurudisha hata tone, zote zimekuja mbele.

Kufika kileleni nikaona mungu huyu hapa: barabara inashuka, mteremko mrefu, chini kuna kona kali, na baada ya kona kwa mbali kichaka kizuri kimejitenga na barabara. Akili ikapiga hesabu. Hawa watu huwa wanaenda 25 kwa saa, nikivuta mafuta sasa hivi nitawaacha dakika mbili nzima, nikate kinjia pembeni ya kile kichaka, nimalize, nirudi barabarani nitulie kama mtu aliyekuwa anawasubiri. Hata redioni sina haja ya kusema. Nitasema nini? "Mashali wa mbele anakwenda haja"? Na mama watu wazima wapo kwenye chaneli?

Hesabu nzuri kabisa ila nimesahau kitu kimoja ambacho mtoto wa darasa la tatu anakijua, kwamba baiskeli kwenye mteremko haikanyagwi, inaanguka. Wale hawakushuka kwa 25. Wale walishuka kwa hamsini na kitu, wamelala juu ya usukani, wanafurahi, wanapiga kelele, na mimi nimevuta mafuta nikidhani nawaacha kumbe wananifuata kama deni.

Nikapita kona. Nikawasha indiketa, maana mimi ni mtu wa sheria. Nikakata kinjia.

Jamani wenye magari, indiketa yenu mkishanyoosha usukani inajizima yenyewe. Ya pikipiki nyingi haijizimi. Ukiiwasha inabaki mpaka uikumbuke mwenyewe, na mimi wakati ule nilikuwa nakumbuka kitu kimoja tu duniani. Nikasimama mita chache ndani ya kinjia, nikazima injini kwa kile kitufe chekundu cha kwenye usukani, kwa sababu ufunguo uko mbali na glavu nene. Kitufe chekundu kinazima injini, taa hakizizimi. Kwa hiyo nimeshuka, nimekimbilia kichakani, nimeiacha pikipiki mdomoni mwa kinjia inakonyeza barabara nzima. Huku. Huku. Huku. Huku.

Sasa ndio twende polepole.

Nimefika kichakani. Navua glavu kwa meno, moja inaanguka, moja inabaki mdomoni, naiacha hukohuko. Natafuta zipu. Zipu iko chini ya reflekta. Reflekta imefungwa kamba, kamba imejikaza fundo kwa sababu mimi kwa sifa zangu nilifunga mafundo mawili. Nacheza. Nacheza ile ngoma ambayo mtu mzima haichezi mbele za watu, mguu huu mguu huu. Kamba imegoma. Naamua, basi, naivuta reflekta yote juu mpaka kifuani naibana kwa kwapa. Na kwa kuwa kispika cha redio kilikuwa hapohapo kifuani, nikakibana nacho.

Mmeona? Kitufe.

Zile redio za upepo anaongea mtu mmoja tu kwa wakati. Ukishikilia kitufe wewe ndio umeshika chaneli, wengine wote kazi yao ni kusikiliza, hawawezi kukuambia chochote hata kama nyumba yako inaungua. Kwa hiyo kuanzia sekunde ile, mashali wote, dada mratibu, gari la wagonjwa, sista, vituo vyote vya maji, na mshenzi wangu kule mkiani, wote wako na mimi kichakani.

Na mimi naona redio imekaa kimya. Nikafurahi! Nikasema mwenyewe moyoni, unaona, msafara umetulia, hakuna anayenitafuta.

Zipu ikashuka robo ikang'ata kitambaa. Hapa nikaongea. Nikasema, glavu ikiwa mdomoni, "Bado kidogo mama, bado kidogo, usinifanyie hivi." Nilikuwa naongea na zipu. Mashahidi wa redioni wanasema haikueleweka naongea na nani na ndipo dada mratibu alipoanza kupiga kelele kwenye redio yake "Mashali wa mbele! Mashali wa mbele! Wamekufuata!" na hakuna aliyemsikia zaidi ya waliokuwa wamesimama pembeni yake.

Zipu ikaachia.

Wadau. Sitaki kuingia ndani sana, kuna watoto humu. Nitasema tu kwamba nilifumba macho. Nitasema nilitoa sauti. Nilisema "Aaaah... karibu. Karibu sana. Taratibu, hakuna haraka." Hayo ndio maneno. Kwa vile yalitoka na pumzi ndefu ndefu huyo jamaa akaita wimbo. Anajua wimbo huyo?

Helmeti inaziba masikio. Kwa hiyo cha kwanza kilinijia kama wadudu. Tik tik tik tik tik. Nikafikiri, hiki kichaka kina uhai. Tik tik tik zikawa nyingi, zikawa karibu, zikawa pande zote. Ndani ya akili yangu kuna mlango ukaanza kufunguka polepole, maana ile sauti mimi naijua, nimeisikia asubuhi nzima nyuma yangu. Ni ile sauti ya gurudumu la nyuma mtu akiacha kukanyaga pedeli.

Halafu zikaanza kulia bip. Vile vikompyuta vidogo vya kwenye usukani ambavyo watu wanaingizia ruti, ukitoka nje ya njia vinalia kukuonya. Bip. Bip bip. Bip bip bip bip. Vikompyuta sitini vinasema kwa pamoja kwamba hapa sipo. Hata mashine zilijua.

Nikafumbua macho. Sikugeuka. Nikasema nisipogeuka labda hawapo.

"Samahani mashali," sauti ya kiume, ya heshima, ya mtu aliyesomeshwa. "Ndio hapa?"

Nikageuka.

Nawaomba mnielewe, ni hulka tu, mtu akikusemesha nyuma unageuka, na nilipogeuka niligeuka mwili mzima, kwa sababu ndani ya helmeti shingo haizunguki vizuri. Na shughuli ilikuwa haijaisha. Shughuli ya lita 180 haisimami kwa sababu umepata wageni.

Mbele yangu: kinjia kizima kimejaa baiskeli. Wengine bado wanaingia kwa kasi kutoka barabarani. Wa mbele kabisa ni mzee mmoja wa mvi, mwembamba, miguu ya chuma, ndiye aliyeongoza kile kilima chote, ananitazama machoni, anafanya juhudi kubwa kubaki machoni. Na mimi, glavu ikanidondoka mdomoni, mdomo ukafunguka wenyewe, malezi yakachukua usukani, nikasema:

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema mzee. "Endelea tu, kijana."

Jamani. Shikamoo! Katika hali ile! Na yote imeingia redioni, ya kwangu na ya mzee, safi kabisa, sio kama siku zote ambapo redio inakoroma.

Sasa mkono wangu mmoja una kazi. Mwingine, wa kushoto, huo ulikuwa hauna kazi, ukaamua kujitafutia. Ukapanda juu. Kiganja wazi. Ile ishara ya kusimamisha. Sikuutuma mimi, asubuhi nzima ulikuwa unafanya hivyo na watu wanatii, ukaona ndio dawa ya kila kitu. Na kweli wakatii! Wote kwa pamoja, papo hapo, wakakamata breki. Tatizo ni kwamba hao wa kundi la mbele viatu vyao vinanasa kwenye pedeli, ili utoe mguu lazima uzungushe kisigino kwa nje kabla hujasimama, na hakuna aliyekuwa anafikiria kisigino chake wakati ule. Akalala wa kwanza, taratibu, akimuegemea wa pili, wa pili akasema "aisee aisee aisee" akalala, na kinjia ni cha mchanga laini kwa hiyo ilikuwa kama sinema iliyopunguzwa kasi, naona wimbi linakwenda mbali na mimi kuelekea barabarani, helmeti moja baada ya nyingine zinashuka chini ya usawa wa majani. Mzee tu ndiye aliyebaki amesimama. Mzee na mimi.

Na bado nilikuwa sijamaliza.

(Hakuna aliyeumia, msianze kuniuliza kwenye meseji. Michubuko miwili mitatu na mwingine kalalia upupu, huyo tulimuomba msamaha kipekee.)

Katikati ya ule ukimya, baiskeli zimelala, magurudumu bado yanazunguka tik tik tik, kijana mmoja chini kabisa ya rundo akauliza, "Kwa hiyo hiki ni kituo rasmi?" Na hapo ndipo nilipojua kwamba binadamu wote tulikunywa yale maji. Maana badala ya kunitukana, watu walianza kuinuka mmoja mmoja, wanapangusa mchanga, wanatazama kichaka, wananitazama mimi, wananitazama reflekta. Wakaanza kujipanga. FOLENI. Wanaume kama ishirini wamekabili kichaka kwa mstari kama wanakagua mazao, mmoja akaniambia "asante sana mashali, nilikuwa nimebana tangu kule chini, nikawa naona aibu kusema." Dada mmoja wa helmeti ya pinki akaja mpaka kwangu, mimi nahangaika na zipu iliyong'ata tena, akauliza kwa ukali, "Na wanawake mmetupangia wapi?" Nami nikanyoosha mkono kuelekea kichaka cha pili kule ng'ambo kwa uhakika wote, utadhani nilikuja jana yake kukipima. Wakaenda.

Ndipo nikashusha mkono, kwapa likaachia, kitufe kikaachia, na redio ikalipuka. Sauti zote zilizokuwa zimefungiwa nje zikaingia masikioni kwa mpigo mmoja, watu wanacheka, mtu wa gari la wagonjwa hawezi kuongea anakohoa, na juu ya wote dada mratibu, kwa utulivu ambao ulinitisha kuliko kelele: "Mashali wa mbele, ukimaliza kupokea wageni, naomba unirudishie watu wangu barabarani. Ova."

Yaliyofuata nayapitisha haraka maana hayana utamu. Nikawageuza. Kumgeuza mtu mmoja na baiskeli kwenye kinjia chembamba ni rahisi, sitini ni mtihani. Kundi la pili nalo likawa limeshaanza kukata kona likifuata taa yangu, nikakimbia na ovaroli iko wazi kwenda kuzima indiketa. Mashali mwenzangu wa makutano ya mbele alikuwa amesimama katikati ya barabara anawabembeleza madereva wasubiri kundi ambalo halifiki, mpaka wakamuuliza kama yuko sawa. Mmoja cheni yake ilikatika kwenye lile rundo, akaibeba baiskeli begani akakimbia mpaka barabarani, viatu vinalia ko-ko-ko kwenye lami, nikamtazama, nikamkumbuka mlima Ventoux, nikanyamaza. Nikashushwa cheo hapohapo kwa redio, nikabadilishwa na jamaa yangu, ndiyo, HUYOHUYO, yeye akaja mbele mimi nikapelekwa mkiani. Kilomita zote zilizobaki nimeenda na yule bwana anayesukuma baiskeli huku anaongea na simu. Alikuwa anamhadithia mkewe habari za mashali fulani.

Kuna walionifuata mwisho wa safari kunishukuru, nisiwadhulumu. Sista naye alikuja, akanishika bega, akasema "angalau wewe ulinisikiliza", akaondoka mabega yanatetemeka.

Sasa kinachonikosesha usingizi sio voisi noti. Voisi noti itapita. Ni kwamba yule dada wa helmeti ya pinki alikuwa na kamera ndogo kwenye usukani, ile ya kurekodi safari nzima. Kanitafuta jana. Hana ubaya, kaniandikia vizuri kabisa na salamu za familia, anasema kipande anacho, kinaanzia kwenye "karibu sana" mpaka kwenye rundo, na yuko tayari kukifuta endapo nitaongeza mchango wangu kwenye mfuko wa figo, risiti nimtumie yeye. Nikachanga. Wallahi nimechanga vizuri mpaka mhasibu wao kanipigia kuuliza kama nimekosea sifuri. Kafuta, kanitumia ushahidi, nikalala.

Asubuhi hii imeingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Inasema: "Shikamoo mashali. Sisi tuliokuwa upande wa kulia pia tulikuwa na kamera. Tuko wanne."